Mwezi kwa Saa ya Kinshasa

Harufu ya ndagala wakikauka mchangani haimtoki puani mtu aliyekulia Uvira. Hao ni dagaa wa Ziwa Tanganyika, wadogo kama kidole cha mtoto, na kiangazi ndicho msimu wao wa kunuka. Mvua hakuna, vumbi la barabara limepanda hadi kwenye majani ya mipapai, milimani watu wanachoma nyasi, na moshi ukishuka jioni unachanganyika na harufu ya samaki mpaka hujui unanusa chakula au unanusa moto. Nyumba yetu ilikuwa Kimanga, upande wa mlimani, na kutoka uani kwetu uliliona ziwa hadi taa za Bujumbura ng'ambo. Usiku wa giza maji hayo yalijaa taa za wavuvi, kila mtumbwi na taa yake, kwa sababu ndagala hufuata mwanga. Lakini mwezi ukikaribia kujaa, mwanga hutapakaa juu ya ziwa zima na samaki hawana tena sababu ya kuifuata taa ya mtu. Wavuvi walipumzika siku saba au nane. Tuliziita wiki ya mwezi, na zilikuwa siku za kushona nyavu, za kuposa, za mazoezi ya kwaya, na za wanaume kugombana na wake zao kwa kukosa kazi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na mimi kazi yangu ilianza pale ya wavuvi ilipokoma.

Ilianza kwa darubini ya mkononi, ile ya macho mawili. Mzee mmoja mfugaji kutoka Bijombo, aliyekuwa akilala kwetu kila aliposhuka mjini, aliitumia kutafuta ng'ombe waliopotelea mlima wa pili. Jicho moja la darubini lilipoota ukungu ndani akaona haina maana tena kuibeba, akamwachia mama, na mama akanipa mimi ili ninyamaze. Nikaielekeza kwenye mwezi kwa utundu tu, kisha nikapiga kelele hadi mama akatoka na mwiko mkononi. Nilikuwa nimeuzoea mwezi kama sahani. Sasa niliona una tumbo, una mashimo yenye kingo, una vivuli vilivyolala upande mmoja, na nikaelewa kwa mara ya kwanza kwamba juu ya paa letu la mabati kuna kitu kizito kinachoning'inia bila kamba. Usiku ule nilijifunika shuka hadi kichwani. Kesho yake nilitoka tena. Sijui kwa nini mtoto hurudia kinachomtisha, lakini mimi nilirudia, na hadi leo sijaacha.

Kuangalia hakukunitosha, nikataka kuuleta mwezi ndani ya nyumba. Simu ya mama ilikuwa na kamera. Nilikigeuza kinu juu chini, nikaweka juu yake mfuko nusu wa unga wa muhogo, nikailaza darubini kwenye unga ili isitikisike, kisha nikaikaza simu kwenye lile jicho zima kwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli. Katikati niliweka kifuniko cha chupa nilichokitoboa, ili kamera ikae umbali ule ule kila mara. Picha za kwanza zilitoka kama taa ya lori. Polepole nikajifunza kugusa kioo cha simu pale penye mwezi na kupunguza mwanga hadi mashimo yatokee, kuiachia simu ihesabu sekunde yenyewe ili kidole changu kisiitikise, na kupiga picha thelathini ili nipate moja. Penye nia pana njia, ila njia yangu ilipita juu ya ubatizo wa mdogo wangu, kwa sababu nilizifuta picha za siku ile ili nipate nafasi. Nilichapwa. Jirani yetu, Mama Sifa, aliyenichungulia juu ya ukuta kila jioni, alimwambia mama kwamba mtoto anayekesha akiangalia juu ana kitu anachokingoja. Kwetu maneno kama hayo si mzaha. Nimewajua watoto walioitwa wachawi na kufukuzwa nyumbani kwao kwa maneno madogo kuliko hayo.

Mtu mmoja tu aliniamini. Alikuwa Kashindi, mdogo wa mwisho wa mama, mvuvi wa taa, kijana asiye na mke, aliyelala chumba cha uani kwetu. Mjomba Kashindi alicheka na kila mtu ila hakunicheka mimi. Aliniuliza kwa nini mashimo yanaonekana vizuri mwezi ukiwa nusu kuliko ukiwa mzima, nikamweleza habari za vivuli, naye akasikiliza akiwa amekunja uso kama anayefundishwa kushona wavu mpya. Ndiyo maana jioni moja ya mwezi wa saba, redio ya Kinshasa ilipotangaza kwamba Ijumaa mwezi utapatwa, utaingia katika kivuli cha dunia na kuwa mwekundu kwa muda mrefu, sikumkimbilia mama. Nilimkimbilia yeye. Nilikuwa nimeandika saa kwenye daftari: saa mbili na nusu usiku mwezi unazimika wote.

Aliliangalia daftari, kisha akaangalia ziwa.

"Weye mutoto, uko na hakika?"

"Minye niko na hakika, mujomba. Walisema ku radio."

"Na giza itakawia?"

"Zaidi ya saa moja na nusu."

Akashusha sauti. "Ijumaa hakuna muvuvi atatoka. Wote wanajua iko mwezi. Kama inazimika, ndagala yote ya hapa itaona taa moja tu, yangu. Usiambie mama yako."

Sikumwambia. Nilijiona mtu mkubwa kwa kubeba siri ya mtu mkubwa. Siku tatu nzima nilitembea nikiwa nimenyoosha shingo. Hakuna aliyewahi kufanya jambo lolote kwa sababu ya neno langu, na sasa mwanamume mzima alikuwa anaziba nyufa za mtumbwi kwa sababu yangu.

Ijumaa jioni mwezi ulipanda juu ya milima ya Burundi, mkubwa, wa rangi ya chai ya maziwa. Mjomba alikuwa ameshateremka pwani. Alikuwa na mtumbwi mdogo wa mtu mmoja, wavu wa duara wenye mpini, taa moja, na betri ya pikipiki iliyokuwa imechoka, ambayo kwa kawaida iliwasha taa kwa saa mbili hivi. Alipanga kuiwasha saa moja na nusu, ili samaki wakusanyike mwezi ukipungua, na giza likifika awe tayari. Simu yake aliiacha kitandani asije akailowesha. Nilikaa uani nyuma ya kinu changu na darubini, na saa moja na nusu niliiona taa yake. Ilikuwa peke yake. Katika ziwa lote lenye kung'aa kama bati jipya kulikuwa na nukta moja ya mwanga usio na maana, na mtu yeyote mwenye akili angejiuliza ni kichaa gani huyo.

Saa mbili ikafika. Mwezi ulikuwa mzima. Saa mbili na robo, mzima. Saa mbili na nusu niliukodolea macho hadi machozi yakatoka, nikadhani pembeni kuna kama kidoa, nikafuta kioo cha darubini kwa gauni, nikaangalia tena. Mwanga ulikuwa mwingi kiasi cha kusoma daftari langu mwenyewe, na nikalisoma. Saa mbili na nusu. Kwa jirani redio ilikuwa inasoma habari, na mtangazaji akataja saa, kama wanavyofanya siku zote: kwake ilikuwa saa moja na dakika thelathini na mbili usiku. Saa ya Kinshasa.

Kila mtoto wa mashariki ya Kongo anajua kwamba Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Wakitangaza mpira wa saa tisa, sisi tunawasha redio saa kumi, hatufikirii hata. Nilikuwa nimeongeza ile saa maisha yangu yote kwa mpira, kwa habari, kwa salamu za wasikilizaji. Kwa mwezi sikuiongeza. Mwezi ni mmoja, uko juu ya watu wote, kwa hiyo nilidhani na saa yake ni moja. Hesabu ilikuwa rahisi, na niliifanya nikiwa nimeshika mdomo kwa mikono miwili: giza lingeanza saa tatu na nusu, na betri ya mjomba ilikuwa inakwisha saa hiyo hiyo. Angepigwa na giza huko mbali, akiwa na taa iliyokufa, katika usiku ambao hakuna mvuvi mwingine wa kumsikia. Na upepo wa kusini, ule wa kiangazi, ulikuwa umeanza kuitingisha mipapai.

Ningeweza kumwambia mama dakika ile. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusema. Niliogopa fimbo, ndiyo, lakini hiyo ilikuwa ndogo. Niliogopa zaidi kwamba nikilitamka litakuwa kweli. Basi nilibaki nimeketi, na umeme ukakatika, mji wote ukawa mweusi hadi Kavimvira, mtaa wa mwisho kaskazini, na ndipo upande wa chini wa mwezi ukaanza kuliwa.

Watu walitoka nje. Wengine walipiga sufuria, wengine waliimba nyimbo za kanisani, watoto wadogo walilia. Mwezi ulipungua, ukawa kipande, ukawa ukucha, kisha mwanga wa mwisho ukaondoka na ukabaki mwekundu, wa duara kama tunda, na nyota zote zilizokuwa zimefichwa zikajitokeza kwa pamoja. Chini yake kulikuwa na nyota nyingine nyekundu isiyopepesa, ambayo baadaye nilijifunza kwamba ni sayari ya Mirihi. Na hapa nitasema jambo ambalo sikulisema kwa mtu kwa miaka mingi. Nilimsahau mjomba. Nilikaza mpira, nikaongeza mwanga wa simu, nikashika pumzi, nikapiga picha, nikaangalia, nikapiga tena. Vidole vyangu havikutetemeka. Kwa muda ambao siwezi kuupima, nilikuwa mtoto mwenye furaha kuliko wote Uvira, na katika muda huohuo ndugu wa mama yangu alikuwa anatoa maji mtumbwini kwa mikono.

Nilipokumbuka, niliielekeza darubini ziwani. Taa haikuwepo. Nilitafuta kushoto, nikatafuta kulia, nikafuata kingo za maji kutoka kusini hadi kwenye mdomo wa mto Ruzizi. Hapakuwa na kitu ila weusi, na ng'ambo taa za Bujumbura.

Mama alitoka chumba cha uani akiwa ameshika simu ya Kashindi. "Kashindi iko wapi? Na ile taa yake haiko." Akaniangalia usoni, na mama yangu hakuhitaji darubini. "Riziki. Weye unajua kitu. Sema."

Nikasema yote, pamoja na saa. Nilingoja kofi, halikuja. Alifunga kitenge vizuri kiunoni na kuanza kuteremka, nami nikamfuata nikilia bila sauti. Pwani tuliwakuta wavuvi wanaangalia mwezi. Mama aliwasihi watoke wakamtafute. Wakauangalia ule mwezi mwekundu, wakayaangalia mawimbi yaliyokuwa yanavunjika meupe gizani, wakasema watatoka mwanga ukirudi. Maji usiyoyafika hujui wingi wake, lakini wao walikuwa wameyafika, na niliona kwamba wanaogopa. Wanaume wale ndio niliowadhania hawaogopi kitu. Nyuma yetu nikaisikia sauti ya Mama Sifa, aliyekuwa ameteremka na watu wengine wa mtaa wetu.

"Huyu mutoto ndiye alimutuma. Alijua mwezi itakufa. Nani alimwambia?"

Watu walijisogeza kidogo tu, hatua moja, wakaacha mchanga mtupu kunizunguka. Nilikuwa nimesikia habari za watoto wanaokula watu wa ukoo wao usiku. Nilianza kujiuliza, kwa dhati kabisa, kama mtu anaweza kuwa hivyo bila kujua. Mama aliuvuka ule mchanga mtupu, akanivuta, akanibana kwenye ubavu wake kwa nguvu hadi nikaumia. "Redio ndiyo ilimwambia," alisema. "Na minye ndiye nilimuzaa." Kisha akawasha moto wa matete pale mchangani, na tukaulisha mpaka baada ya usiku wa manane, mwezi uliporudi wote mweupe kana kwamba haujafanya lolote. Wavuvi wawili walitoka, wakazunguka, wakarudi bila mtu.

Alfajiri tulipanda nyumbani. Nakumbuka mama alianza kuitoa mikeka nje, mmoja baada ya mwingine, kama inavyotolewa nyumba inapongoja wageni wa msiba. Nilimsaidia. Tulikuwa tumetandika mitatu Kashindi alipoingia kwa mlango wa mbele, akitembea kwa miguu kutoka Kavimvira, suruali imeganda matope, miguu imekatwakatwa na matete. Mama alikaa chini palepale alipokuwa amesimama.

Alichotueleza alikieleza polepole. Taa ilikufa mwezi ukiwa ukucha. Mji ulikuwa umezimika, hivyo mwanga pekee alioujua ulikuwa wa Burundi, na mawimbi yalimzuia kuelekea popote. Akauacha upepo umbebe kaskazini, huku akitoa maji mtumbwini. Ulimtupa kwenye matete ya mdomo wa Ruzizi, na katika giza lile jekundu akasikia pumzi kubwa karibu naye, kisha nyingine upande wa pili. Viboko. Aliyashika matete, akakaa bila kukohoa mpaka mwezi uliporudi na kumwonyesha migongo yao, mmoja ukiwa karibu kiasi cha kuuegemea. Alipambazukiwa humohumo. Wavu na taa viliachwa majini.

Nilisimama mbele yake. "Mujomba, ile saa ilikuwa ya Kinshasa. Sikuongeza moja."

Alinitazama. "Sasa Kinshasa iko na ziwa?" aliuliza, akacheka, na mama akacheka, na mimi nikacheka nikilia. Lakini mama alipompa kikombe cha chai, alikinywa akiwa ameupa mgongo upande wa ziwa. Mjomba hakuwahi kunilaumu. Kila aliponisikia nikisemwa mtaani alijibu kwamba nilimwambia mwezi utazimika, na ukazimika. Ila hakutoka tena wiki ya mwezi, na mimi hadi leo mtu akiniuliza saa ya kitu chochote cha angani, namuuliza kwanza saa ya wapi ndipo najibu.

Siku hizi watu huniuliza mara kwa mara. Natengeneza simu za watu kwa riziki yangu, na nina darubini ndogo ya kweli yenye miguu mitatu, na simu yenyewe hujua kwamba niko Uvira na kuniongezea saa bila kuulizwa. Mama Sifa huwaleta wajukuu wake waangalie pete za sayari ya Zohali, na anawapanga mstari kama mwalimu. Miezi michache iliyopita mwezi ulipatwa tena, mapema jioni, mbingu safi. Mjomba Kashindi, ambaye sasa ana mvi na watoto wanne, alinipigia simu mchana kuniuliza saa. Nilimwambia mara tatu, na mara tatu nikasema ni saa ya Uvira. Aliitikia tu, akasema anauliza hivihivi, kwa kujua. Wote wawili tulifahamu kwamba haendi popote. Tangu vita vikaribie, kuingia ziwani usiku kumekatazwa, mwezi uwepo au usiwepo, na mitumbwi imelala kifudifudi mchangani, mingine imeanza kupasuka kwa jua.

Ulipozimika nilikuwa uani palepale pa zamani. Hakuna aliyepiga sufuria. Siku hizi watu wa hapa hawapendi kelele usiku. Nikakumbuka jinsi nilivyolitafuta ziwa lote kwa jicho moja la darubini, nikiomba nione taa moja tu. Zamani niliogopa kwa sababu mtu wangu alikuwa majini. Sasa naogopa kwa sababu hakuna mtu majini. Picha niliyoipiga jioni hiyo ndiyo bora kuliko zote nilizowahi kupiga. Mwezi ni mwekundu hadi kwenye kingo, na nyota zinaonekana mpaka zinapogusa maji, kwa kuwa kutoka huku kwetu hadi mdomo wa Ruzizi hapakuwa na mwanga hata mmoja wa kuziharibu. Watu wa mbali wameisifu sana. Mjomba aliiangalia mara moja tu, akaifunika simu kwenye goti, akasema giza zuri kama hili ndagala wangejaa wavuni.